Mtoto Asiyelia

Ngina alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo huko Ruiru, na alijua siri moja ambayo akina mama wa kiwandani walirithishana: mtoto asikuone ukiondoka. Emmah alipofika miezi minane, alimpeleka kijijini Murera kwa shosho, nyanya yake. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alienda kumwona, wakala, wakacheka, halafu jioni angemwambia, "Naenda choo, mami, nakuja sasa hivi." Akapitia nyuma ya zizi hadi barabarani.

Mwanzoni Emmah alimfuata hadi mlango wa choo, akagonga, akaita mpaka sauti ikamkauka. Shosho alisimulia hayo kwa simu huku akicheka. Kufikia miaka mitatu, mtoto aliacha. Mama yake akifika, alimpa mkono kama mgeni wa kanisani. Akiondoka, hakuinua hata kichwa.

"Amekomaa," shosho akasema, na Ngina akamshukuru Mungu. Mungu husingiziwa mengi.

Mwaka huu alimleta Ruiru aanze shule. Alikuwa ameingojea siku hiyo karibu miaka minne: amsuke nywele mwenyewe, alale naye, akimbiliwe mlangoni na mtoto wake kama akina mama wengine. Emmah hakukimbia. Lakini hakusumbua, hakulilia peremende dukani, na wapangaji wote wa ploti walimsifu. "Umelea, mama," alisema Rachael wa mlango wa pili, aliyemwangalia Emmah baada ya shule. Ngina akavimba kichwa.

Alhamisi moja jioni Rachael alimpokea Ngina langoni, uso umembadilika. Mkono wa Emmah ulikuwa umebabuka kutoka kifundo hadi kiwiko, malengelenge yamepasuka. Asubuhi alikuwa amejimwagia chai ya moto, Ngina akiwa hatua tatu tu kutoka hapo, akipiga viatu rangi. Emmah akavaa sweta juu ya kidonda, akaenda shule.

"Mbona hukuniambia, mami? Si nilikuwa hapo tu!"

Emmah alimjibu bila kinyongo, kama aliyeulizwa jina lake.

"Nilikuwa nangoja uende ndio nilie."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ngina alipiga magoti, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, akalia kwa sauti. Emmah alisimama tu, mikono imening'inia, akingoja amalize.