Brauza Haipogolewi Kama Chai

Bisha ukitaka, lakini juzi mimi niliyeacha shule Form Two nilimfundisha mzee mwenye ekari za chai kutumia simu yake mwenyewe.

Tulikuwa kwenye kituo cha chai karibu na Kapkatet, tukingoja lori la kupima na kubeba majani. Mzee alikuwa anafungua ukurasa wa chuo cha uuguzi, kwa sababu binti yake alipewa nafasi na mwisho wa kuikubali ulikuwa jioni hiyo. Simu ikagoma, eti brauza ni ya zamani, isasishwe kwanza.

"Leo sigusi kitu," mzee akasema, akiifunika simu kwa kiganja.

"Kwa nini, mzee?"

"Kijana, ukipogoa chai unakaa miezi bila kuchuma. Mimi nataka kuchuma leo."

"Ako sawa," mama mmoja akaitikia juu ya kikapu chake.

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Nikawaambia hii ni kama kunoa panga, dakika chache unarudi shambani. Mzee akanipa simu, nikabonyeza "Sasisha", tukangoja, ukurasa ukafunguka, na nafasi ya binti ikakubaliwa kabla lori halijafika.

Basi ile alama ya kusasisha mnayoifukuza kila asubuhi kama nzi, ibonyezeni.

Sasa niseme niliyoyaruka. Simu ikiendelea kupakua, mzee aliniuliza kama picha za marehemu mama yake zitabaki. Nilimjibu "zote" kifua mbele, na sikujua. Alipozifungua, tukamwona mama yake pichani anacheka, na mimi ndiye niliyeshusha pumzi kwanza.