Siku Dada Alipobaki Kitini

Mimi si mtu wa kukaa. Nimeuza mitumba Pangani, nimepakia machungwa Muheza, nimelinda nyumba za wageni Mkwaja. Kila nilipopanga chumba, swali la pili baada ya jina lilikuwa moja: unasali wapi? Mwenye nyumba hana ubaya. Anataka kujua siku nikifa amwite shehe au padri. Najibu, nakaa miezi kadhaa, kisha miguu inaanza kuwasha nami naondoka.

Nilikuwa Mkwaja niliposikia kwamba dada yangu mkubwa ameshinda uenyekiti wa kijiji chetu, kule njia ya kupandia Amani. Nilifunga begi siku ile ile. Nilidhani naenda kula pilau. Nikakuta nyumba imejaa watu na hakuna anayecheka.

Baba yetu alikuwa Muislamu, mama Mkristo. Dada alifunga Ramadhani na baba, Krismasi akaimba kwaya na mama, na walipofariki wote wawili hakuacha hata kimoja. Msiba ukitokea kijijini, uwe wa upande wowote, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Watu walimpigia kura kwa hilo, na kila upande ulimhesabu wake. Sasa kilikuwa kinakuja kiapo. Kwetu viongozi wa vijiji huapishwa pamoja ukumbini: Waislamu husimama upande mmoja na kuinua Kurani, Wakristo upande wa pili na Biblia. Akisimama huku, wa kule watasema aliwadanganya.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amemnunulia mtandio mweupe. Baba mdogo, ndugu yao wa mwisho, alikuwa amekuja na Biblia ya babu, kaifunga kwenye taulo. Wamekaa mkeka mmoja, wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, hawatazamani.

"Kura amezitafuta kwenye matanga ya kila mtu," baba mdogo alisema. "Leo anaulizwa upande, kawa bubu."

"Wewe nyamaza," shangazi akamjibu. "Wewe Ukristo uliukuta ndani, kama kinu."

Ndipo akaanza kusimulia habari ambazo nilizisikia vipande vipande utotoni. Enzi za Wajerumani, baba yake babu alitaka ujumbe, ukubwa wa kijiji. Akida aliyewasimamia majumbe alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu na herufi za Kiarabu, na mtu wa kwetu bara asiyeswali hakuwa na pa kukaa barazani kwake. Haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua. Basi mzee akasilimu, akapata ujumbe. Babu naye, enzi za Waingereza, alitaka ualimu. Shule zilikuwa za misheni, na huko mlango ulikuwa wazi kabisa: hubatizwi, hufundishi. Akabatizwa, akapewa jina jipya. Jina la kazini, bibi aliliita hivyo, na nyumbani hakulitumia hata siku moja. Bibi alibaki Muislamu, akawalea baba na shangazi kwa dini yake. Baba mdogo akafuatana na babu kanisani.

"Na baba yetu je?" niliuliza, ingawa nilijua. Baba alikuwa karani wa posta baada ya uhuru.

"Baba yenu hakuulizwa," shangazi alisema. "Aliulizwa kama anajua kusoma."

Nilishindwa kukaa. Nilitoka nikazunguka nyumba, nikaenda hadi kisimani, nikarudi. Uani nilimkuta dada amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mgongo wake kwa watu. Nilimwambia achague tu yaishe, watu husahau.

"Hawasahau," alisema. "Na mimi si kwamba sina Mungu. Ila hao wazee wote kazi ndiyo iliyowaingiza dini. Mimi dini yangu sitaki iingie kazini."

"Utafanyaje sasa?"

"Sijui. Nipishe, unanizibia mwanga."

Kesho yake tulikwenda mjini. Dada alivaa gauni la kawaida na kanga begani. Mtandio wa shangazi ulikuwa kwenye mkoba wake, na Biblia ya babu vilevile. Hakutaka kumkatalia mtu. Ukumbi ulikuwa na joto. Karani wa mahakama aliita Waislamu wasimame kulia, Wakristo kushoto. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakajigawa haraka, wakizoeana na majirani wapya. Katikati akabaki dada yangu peke yake, ameupakata mkoba. Mimi nilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, natamani kukimbia kwa niaba yake.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Akamwuliza, "Mama, wewe upande gani?"

Dada alisimama. "Shikamoo, mheshimiwa. Naomba kuapa kwa maneno yangu tu, bila kitabu. Kama sheria inaruhusu."

Hakimu alimtazama kidogo. Akasema sheria inaruhusu, ila itabidi asubiri mpaka wenzake wamalize. Nyuma yangu mtu alisema, si kwa kunong'ona, kwamba kumbe wametoa kura kwa mpagani. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Shangazi alikuwa anatafuta kitu kwenye pochi yake ambacho nadhani hakikuwemo.

Alipoitwa, dada aliinua mkono wa kulia mtupu akasema maneno yake taratibu. Sauti ilimkatika mara moja, akairudia sentensi ile tangu mwanzo.

Nyumbani beberu alikuwa amefungwa kwenye mfenesi tangu asubuhi. Kwetu hata sherehe ya Mkristo huchinjiwa na Muislamu, ili wote wale. Mzee jirani aliyechinja kwenye harusi ya wazazi wetu na kwenye arobaini zao ndiye aliyetegemewa. Adhuhuri ilipita, hakuja. Wanakwaya wenzake dada nao hawakuonekana. Baba mdogo akapendekeza nimfuate mchinjaji mwingine barabarani. Dada alikataa. Alisema asipokuja yule, tutakula wali na maharage. Niliangalia begi langu. Basi la mwisho la Muheza lilikuwa bado.

Baada ya alasiri mzee alitokea, kisu mkononi, kofia yake kichwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa dada.

"Mwenyekiti," alisema. "Mimi jambo lako la leo sikulipenda. Nakwambia usoni."

"Nimesikia, babu."

"Haya. Na lile bomba la msikitini linavuja wiki nzima, tunatawadhia tope. Mwenyekiti aliyepita nilimwambia mpaka nikachoka."

"Nikaliangalie sasa hivi?"

"Sasa hivi utaona linavyovuja. Ukingoja kesho, utaniambia watu wameshalizoea."

Dada alimpa shangazi mwiko, akachukua jembe kwenye ukuta, akatangulia. Mzee aliniwekea kisu mkononi nimshikie mpaka arudi, akamfuata. Nilibaki nimesimama pale na beberu ananitazama. Basi lilipiga honi kule barabarani, likapita.