Sumu Iliyopepewa

Kazi yake ni kuosha nyumba zilizopikiwa dawa za kulevya, na jina la Bi Bado alilipata kwa haki. Muulize kama nyumba imeshatakata, atakujibu bado. Wenzake wawili humtania kwamba hata siku ya harusi, alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo.

Safari hii nyumba ilikuwa ya fundi cherehani mstaafu, bibi mwenye ulimi mwepesi. Mpangaji wake alikuwa amegeuza jiko kuwa kiwanda. Polisi wakamchukua, sumu ikabaki kwenye kuta. Kwa miezi saba sasa bibi alikuwa akilala sebuleni kwa mwanawe, haruhusiwi kuvuka kizingiti chake mwenyewe. Vipimo vya maabara vilikuwa vimekataa mara mbili, chumba kile kile cha kulala. Vikikataa ya tatu, nyumba inavunjwa.

Bi Bado alikasirika hasa. Kuta walikuwa wameziosha kuanzia juu kushuka chini, kama inavyotakiwa, na sakafu wakaisugua mpaka magoti yakaomba radhi. Kila wakimaliza, waliwasha feni ya dari ili kuta zikauke upesi, wakaenda zao. Sasa, ndani ya ovaroli na barakoa, alipanda ngazi kufuta balbu, jicho likaangukia mgongo wa mapanga ya feni. Vumbi la manjano lilikuwa limejilalia pale, limestarehe.

"Jamani," akawaambia wenzake, "sumu tunaipepea wenyewe."

Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wakaing'oa feni, wakaitupa pamoja na taka za sumu, wakaanza chumba upya.

Wiki iliyofuata barua ya maabara ikaja: nyumba imefaulu. Bi Bado alifurahi kama aliyerudishiwa nyumba yake mwenyewe, akampigia bibi simu hapo hapo. Bibi alifika kabla simu haijapoa. Ndani hamkuwa na kitanda, pazia wala kiti, vyote vilishatupwa. Akapita chumba hadi chumba akizigusa kuta kwa viganja viwili, machozi na kicheko vikigombania uso. Bi Bado na wenzake walipotaka kuingia kumpongeza, aliwageukia, mkono kiunoni.

"Vueni viatu hapo hapo," alisema. "Mnanichafulia nyumba."

Wakavua, wote watatu, bila kubisha.