Matokeo ya Skuli ya Kisiwani

Harufu ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga ilinipokea mlangoni mwa darasa lao, nikaona wivu hata kabla sijasalimia. Nilikuwa nimevuka kwenda Kojani kumtembelea Zuhura, mtoto wa mama mkubwa. Sote tulikuwa Kidato cha Nne, yeye skuli ya kisiwani kwao, mimi skuli ya mjini Chake. Mtihani ulipokaribia, watahiniwa wao waliingia kambi: wakisoma humo, wakilala humo, na kina mama wakipeana zamu ya kuwapikia. Siku ile zamu ilikuwa ya mama mkubwa. Alikuja na sinia kichwani, akawapakulia watoto wote kana kwamba kawazaa yeye.

Niliporudi nyumbani, mtaani kwetu Madungu pale mjini, nilimwambia mama kwamba nasi tuombe kambi. Akacheka. "Watoto wa mjini mwataka kambi ya n'ni? Umeme mnao, maabara mnayo, walimu tele. Wale wana n'ni zaidi ya samaki?" Mtaa mzima uliamini hivyo, maana kila mwaka skuli yetu iliwapita. Basi nilisoma peke yangu chumbani, na nusu ya muda nikiliwaza lile sinia.

Matokeo yalipobandikwa mjini, nilitumwa mimi kuyatazama ya skuli zote mbili, kwa kuwa kisiwani simu zilikuwa za kubahatisha. Wametupita. Zuhura daraja la kwanza, mimi la tatu. Nililisoma jina lake mara tatu nikitafuta kosa, nisilione. Nilipofika nyumbani mama akauliza, "Na Zuhura je?" Nikajibu, "Jina lake sikuliona." Sikupanga kusema hivyo, wivu ulinitangulia mdomoni. Mama alimpa salamu hizo mtu aliyekuwa anavuka, na siku tatu nzima mama mkubwa hakutoka nje. Zuhura aliwapa majirani madaftari yake yote wafungie mandazi, akaenda kuanika dagaa na wanawake wengine. Siku ya nne mwalimu wao alirudi kutoka mjini na karatasi, akamkuta juani, mikono imejaa magamba. Nilipokwenda kumpongeza, nimejaa hofu, alinishika mkono. "Mwandiko mdogo ule, dada'ngu," alisema, "macho hupotea." Sikumsahihisha.

Siku hizi matokeo huingia kwenye simu, na hakuna anayetumwa. Mimi ni mwalimu mjini, Zuhura ni mwalimu mkuu wa skuli ile ile ya kisiwani. Skuli yetu sasa ina kambi, niliipigania mwenyewe. Mchele huletwa kwa gari, mpishi tumemwajiri, na wazazi hawatii mguu. Kila mwaka nafungua matokeo ya Kojani kwanza, kisha yetu, na miaka yote hiyo nimekuwa nikifunga simu kwa hasira. Mwaka huu tumewapita. Nilimpigia Zuhura hapo hapo, nikijifanya namjulia hali tu.

"Hongera, dada'ngu! Nimeshawatangazia kina mama hapa," alisema. Nyuma yake nikasikia vigelegele, vya wanawake wengi, wakitupigia sisi ambao hata wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa bado hawajatupigia hata kimoja. Nilikaa na simu sikioni, mshindi, nikimwonea wivu kuliko mwaka wowote.