Kazi ya Nane ya Nta

Fundi viatu anayekaa nje ya duka langu hapa Nalufenya, Jinja, hupitisha uzi kwenye donge la nta kabla ya kushona soli. Jua likiipata nta ile, harufu yake huingia dukani, tamu, yenye moshi kidogo, nami hubaki nimeshika kijiko cha sukari hewani huku mteja akinisubiri. Wateja wamezoea, wanadhani nimechoka. Nyinyi nitawaambia ukweli, maana nimeuficha miaka mingi na umenichosha kuliko duka.

Likizo za shule nilikuwa nikipelekwa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwa mama yake baba. Tulimwita Jaja. Alishona kofia za darizi, zile za Ijumaa, na mezani kwake hapakukosa donge la nta la ukubwa wa ngumi, aliloletewa na mrina asali kutoka milimani. Kwa Jaja nta ilikuwa na kazi saba, na alinifundisha kuzihesabu kwa vidole. Uzi wa kofia usikatike. Ufa wa kibuyu cha maziwa. Zipu iliyokataa. Pasi ya mkaa iteleze. Magaga ya visigino. Droo ya kabati iliyokuwa ikilia kama mbuzi. Na buti za Afande, jirani yetu askari wa magereza kutoka kaskazini, aliyekuja kila msimu wa mvua kuomba kipande, akisimama nje ya mlango asituletee matope.

"Nta iko na kazi ngapi?" Jaja angeniuliza bila kuinua macho kwenye kofia.

"Saba, Jaja." Nikazitaja zote.

"Iko ingine?"

"Hakuna."

"Basi lete chai."

Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni kwetu Jinja tulisugua sakafu ya darasa kwa nta iliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha mwalimu akitoka tuliteleza kwa soksi mpaka ukutani. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba siku nilipoipaka nta sakafu ya Jaja nilitaka kumwonyesha kazi mpya. Uongo mtupu. Nilitaka kuteleza. Jaja alikuwa akishona kibarazani nyuma, na shangazi Zaitun, aliyeishi naye, alikuwa sokoni. Nikakata nusu ya donge kwa kisu, nikaiyeyusha kwenye kopo, nikaepua na kutia mafuta ya taa, nikasugua sebule nzima mpaka mlango wa uani. Saruji ikang'aa. Nikateleza nenda rudi, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Adhana ya alasiri ikasikika. Jaja akatawadha uani, akaja ndani na kandambili zake zimelowa chepechepe. Nilimwona akiinua mguu kizingitini. Nafasi ya kusema neno moja nilikuwa nayo. Nikaficha kopo kwanza.

Alianguka kwa ubavu. Sauti ya kuanguka kwake sitaieleza. Afande alisikia kilio changu akaja mbio, na alipokuwa akimbeba Jaja, buti zake nazo zikateleza, akashika fremu ya mlango. Akatazama chini. Akanusa.

"Mama, hii sakafu nani alipaka kitu?"

Jaja alikuwa amefumba macho kwa maumivu. "Hapana, Afande. Ni maji ya udhu tu. Miguu yangu ilikuwa na maji."

Nilishusha pumzi. Mungu anisamehe, bibi yangu kavunjika nyonga nami nilishusha pumzi, nikaona nimepona.

Tangu siku hiyo Jaja aliswali ameketi kitini. Alikuwa na alama ya sijda kwenye paji la uso, ya miaka na miaka, na paji lile halikugusa tena mkeka. Kila likizo nilimtandikia mkeka mbele ya kiti, kwa sababu aliutaka uwepo, kisha nikasimama pembeni nikimtazama akiinamia hewa. Niliona aibu. Lakini aibu haikunifungua mdomo.

Mchezo wetu uliendelea. "Nta iko na kazi ngapi?" Nilitaja saba. "Iko ingine?" Sasa aliinua macho kwenye kofia, akanitazama, na sindano ikasimama. Nilisema hakuna. Alingoja kidogo, kisha akaomba chai. Nikadhani ni uzee unamchelewesha. Niliolewa, nikafungua duka, nikampelekea wanangu awaone, na bado aliuliza, na bado nilijibu hakuna.

Mwaka jana alifariki. Matanga yalipokwisha, shangazi Zaitun alinipa kopo lake la vifaa vya kushonea. Ndani mlikuwa na nusu ya donge la nta, imekuwa nyeusi kwa uzee, na upande mmoja una alama za kisu changu.

"Alisema hiyo ni yako," shangazi alisema. "Ile siku nilikwangua nta chini ya kandambili yake. Nilitaka kukuchapa, akakataa. Alisema, 'Acha. Mutoto atasema mwenyewe.'"

Miaka yote ile nilidhani tunacheza, kumbe alikuwa akinifungulia mlango, nami nilikuwa nikiufunga usoni pake kwa adabu zote na kwenda jikoni kuchemsha maji. Hakutaka kunikamata. Alitaka niseme.

Nta ile iko chini ya kaunta. Fundi viatu ameniomba kipande mara mbili, nikamnyima, naye ananiona mchoyo. Jioni, kabla ya kufunga duka, huitoa nikahesabu kwa vidole kama alivyonifundisha. Uzi, kibuyu, zipu, pasi, magaga, droo, buti. Kisha nasema ya nane, kwa sauti. Hakuna anayeniambia nilete chai.