Nyayo za Mwanamume kwenye Tuta

Hawa Gunga hakuzoea kudanganywa na ardhi. Watu, ndiyo, walimdanganya kila siku: wauza majani ya chai wa Garsen, mafundi wa simu, hata mwanawe Bule alipokuwa mdogo. Lakini alikulia nyuma ya ng'ombe, na akiona alama ya kwato vumbini angekwambia ni ng'ombe wa nani, kapita saa ngapi na mguu upi unamuuma. Kwa hiyo asubuhi ile alipoinama kwenye njia iendayo tuta la kuzuia mafuriko, upande wa Idsowe, hakuwa na shaka na alichokisoma. Shaka yake yote ilikuwa kwa mkaza mwanawe.

Kadra, mke wa Bule, alikuwa mwanariadha. Kabla ya kuolewa aliiwakilisha kaunti katika mbio ndefu. Mimba ya kwanza ilipojulikana, Hawa alimwita jikoni akamwambia, "Mwanangu, mbio basi, mpaka ujifungue." Kadra akajibu, "Sawa, Mama," haraka mno, na sawa ya haraka Hawa hakuiamini hata siku moja. Bule alikuwa mbali akichunga ng'ombe, huko juu Nanighi kulikobaki majani, na nyumba ilikuwa mikononi mwa mama. Sasa tumbo limekuwa kubwa, na kila alfajiri Kadra anatoka eti kunyoosha miguu, anarudi shingo imelowa jasho na njaa ya mtu aliyetoka kulima. Kunyoosha miguu gani huko?

Ndiyo maana akafuata nyayo. Kandambili za Kadra zilitoka langoni, zikafika kwenye kichaka cha miti ya miiba ya mathenge, zikakoma. Hapo zikaanza nyayo nyingine: viatu vya kiume, vikubwa, vyenye meno chini. Hawa akachuchumaa. Mwenye viatu alikuwa akikimbia, lakini kwa hatua fupi. Visigino vimezama, vidole vimetazama nje, kama aendavyo mtu aliyebeba mzigo mbele, si mgongoni. Kadra kaingia kichakani, hakutoka. Mwanamume katoka kichakani, kabeba kitu kizito kifuani.

"Anambeba!" alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Mke wa mwanangu anabebwa kama mwana-kondoo, tena kwa mbio!"

Siku ile alimpitisha kila mwanamume kichwani mwake. Yule jirani wa bodaboda? Mvivu, hawezi kukimbia hata akifukuzwa na nyuki. Mwalimu Adnan, yule wa Kipini aliyemfundisha Kadra riadha, mwenye maneno laini na miguu mirefu? Huyo! Jioni Kadra alipocheka na simu, Hawa aliuliza, "Unaongea na nani?" Akajibiwa, "Bule, Mama," akaguna tu.

Mara mbili alishika simu yake ampigie mwanawe, na mara mbili akaiweka chini. Alimjua Bule. Angeshuka usiku huohuo, atamke talaka kabla hajanywa maji, na mtoto azaliwe kwa watu wengine. Mjukuu wake wa kwanza! Hapana. Kwanza aone kwa macho, ndipo aseme.

Alfajiri akatangulia kichakani na bakora yake. Miiba ya mathenge haikumwonea haya. Ilimshika mtandio, ikamshika na mkono. Kadra akaja, peke yake. Akapeleka mkono tawini, akashusha gunia dogo, akatoa viatu vikubwa vya mtumba. Akaketi chini akavisukumiza miguuni, na miguu ile iliyovimba ikajaa viatu vya mwanamume bila kubakisha nafasi. Akahangaika na kamba, tumbo likimzuia, akijicheka mwenyewe. Kisha akainuka, akaanza kukimbia polepole, visigino chini, vidole nje, mzigo wake mbele.

Aibu ilimpanda Hawa mpaka masikioni. Halafu ikageuka hasira.

"Kadra!"

Kadra nusura aanguke. "Mama! Unafanya nini ndani ya miiba?"

"Namtafuta mwanamume," Hawa akasema, na papo hapo akajuta. "Si uliniambia sawa? Ndiyo hii sawa yako?"

"Nilikuogopa, Mama. Sista Valary wa zahanati ananipima, na presha pia. Ameniruhusu, mradi niende taratibu na nisimame nikichoka. Viatu nimenunua Garsen, vyangu havinitoshi tena."

"Huyo Valary hakuwa Nanighi!"

Bakora ikamponyoka. Alilia, na katika kulia akasema jambo ambalo hata Bule hakuwahi kulisikia. Kabla ya Bule kulikuwa na mwingine. Mwaka wa ukame walihama na ng'ombe kutoka Nanighi kuja huku chini kwa miguu, yeye na mimba yake ya kwanza, na njiani ikatoka. Wanawake wenzake wakasema katembea mno. "Nilimuua kwa miguu hii," akasema. "Sitaki uwe kama mimi."

Kadra alimshika mkono, wakaenda zahanati.

Sista Valary aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mama Bule, njiani ulikuwa na homa?"

"Homa? Nilitetemeka mpaka nikafungwa juu ya punda."

"Siwezi kuapa, ni mambo ya zamani. Lakini malaria naiona ikitoa mimba za watu hapa. Kutembea tu kukatoa mimba, sijaona."

"Rudia," Hawa akasema.

Valary akarudia. Hawa akaitazama miguu yake mikavu yenye nyufa, kama mtu aliyemnunia ndugu yake miaka mingi na leo kaambiwa hana kosa.

Wiki iliyofuata, Mama Suleiman, jirani aliyekulia ng'ombeni kama yeye, alikuja akaketi karibu sana.

"Hawa, sikuja kwa ubaya. Nimeona nyayo kwenye tuta. Akala zako za tairi nazijua. Na ubavuni mwazo, viatu vya mwanamume. Asubuhi zote! Mjane kama wewe, mwenzangu, na umri huu?"

Hawa akaendelea kumimina chai. "Umesoma vizuri? Alikuwa amebeba kitu?"

"Amebeba. Kizito, mbele."

"Basi hujakosea," Hawa akasema, akimsogezea kikombe. "Na alichobeba ni changu."