Mimi Nimeshapimwa

Kabla sijaanza tuelewane. Haya sikusimuliwa, wala sikuota. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na nilikuwa nimeshakunywa chai kwa mihogo, kwa hiyo asije mtu akaniambia habari za njaa. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Nikifika kwa shangazi yangu sitaki kusikia kicheko cha mtu.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, na mimi ni kijana wa Kilwa Kivinje mwenye kamera yangu. Ile ya zamani, ya sanduku na miguu mitatu, unajifunika kitambaa cheusi na picha inaingia kwenye kioo. Kazi nilijifunza Lindi, kwa mzee mmoja Mmakonde aliyekuwa na banda la picha karibu na soko. Mkali huyo! Ukikosea anakupiga kofi la kisogo kisha anakununulia maandazi.

Shangazi yangu, Bi Zuhura, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Mama alifariki ningali mdogo, na yote niliyo nayo, hata tabia hii ya kusema sana, nimeyatoa kwake. Alizaliwa Kilwa Kisiwani, ng'ambo kule kwenye magofu, akahamia Kivinje alipofiwa na mumewe. Uzee ukamletea mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ilifika mahali anatambua cheupe na cheusi tu, na kila mwezi ukiingia anaona kidogo kuliko mwezi uliopita.

Siku moja akanambia, "Mwanangu, wewe unawapiga picha maharusi wa watu. Mimi nataka msikiti mkubwa wa Kisiwani. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiingia mle najificha nyuma ya kanzu ya baba kwa ule ukubwa. Nataka niogope vile tena, mara moja tu, macho hayajazima."

Utamkatalia? Nilivuka siku ya pili yake. Nikapiga picha nzuri, matao yote, nguzo zote. Nikaisafisha, nikampelekea barazani. Akaisogeza mpaka puani.

"Hili nini?"

"Msikiti, shangazi."

"Msikiti! Umeniletea banda la kuku."

Niliona aibu, basi tu. Lakini nilipoitazama vizuri, haki ya Mungu, alikuwa na haki. Matao yale yangeweza kuwa ya jengo, yangeweza kuwa ya tundu la njiwa. Nikavuka tena, safari hii nikaweka kikapu chini ya nguzo. Alipokiona akasema, "Kikapu hiki ni cha kuendea sokoni au cha kubebea nazi? Vikapu vina ukubwa elfu." Nikakasirika, nikaondoka bila kuaga, nikarudi jioni na papai la kumwomba radhi.

Ndipo nikakumbuka maneno ya yule mzee wa Lindi. Alikuwa akisema jicho halijui ukubwa wa kitu mpaka lione pembeni kitu linachokijua. Ukitaka mlima uwe mlima, mweke mtu chini yake, tena mweke mbali, awe mdogo. Mtu huyo yeye alimwita kipimo. "Tafuta kipimo kwanza," alikuwa akitwambia, "halafu ndiyo ufungue kamera." Nami neno hilo likanikaa mdomoni.

Basi nikavuka mara ya tatu. Mwenye mtumbwi alikuwa jamaa wa Kinjumbi, mcheshi sana, njia nzima anaimba. Alichelewa kuja, tukafika jua liko utosini, saa ambayo mzee wangu alinikataza kabisa kupiga picha. Lakini maji yalikuwa yanataka kutoka, mtumbwi ungekwama, hatuna muda. Nikamwambia yule jamaa, "Njoo usimame pale kwenye tao. Wewe utakuwa kipimo changu."

Akanyamaza kuimba. "Kipimo cha nini?"

"Nataka nikupime na nguzo."

"Unipime? Mimi nimekufa?"

Jamani, na mimi mtu wa pwani! Kwetu anayepimwa kimo ni maiti. Watu wanachukua kamba, wanampima kichwa hadi mguu, wanaipeleka kamba makaburini ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi. Aliye hai hapimwi hata kwa mzaha. Lugha ya banda la picha ilikuwa imenipumbaza. Nikamwomba radhi, nikamweleza, wapi! Alirudi kwenye mtumbwi wake akakaa akinipa mgongo.

Nikabaki peke yangu mle ndani, nimesimamisha kamera, nusura nilie. Niliona kabisa shangazi anafumba macho na banda lake la kuku.

Sasa nisikilizeni. Nilipoinua kichwa niliona mtu amesimama kati ya nguzo. Mrefu, wa makamo, kanzu nyeupe ya kufuliwa, miguu mitupu. Sikumsikia akiingia. Mtaniuliza kivuli alikuwa nacho? Saa sita Kilwa, nani ana kivuli? Hata mimi changu nilikuwa nimekikanyaga.

Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Picha hiyo ya nani?"

Sauti ya kawaida kabisa. Nikamwambia ya shangazi yangu, yuko Kivinje, macho yanamwisha.

"Anaona kiasi gani?"

"Cheupe na cheusi tu, baba."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha, bila mimi kusema lolote, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena, mpaka chini ya lile tao la ndani lenye giza. "Nikae hapa," akasema. "Kanzu itaonekana."

Niaminini, mimi ndiye mpiga picha na sikuwa nimeliona hilo. Nilijifunika kitambaa nikatazama kiooni. Kanzu ilikuwa nukta nyeupe ndani ya lile giza, na juu ya kichwa chake jengo linapanda, linapanda tu, halina haraka. Nywele zilinisimama, si kwa kuogopa mtu, kwa ule msikiti. Mkono mmoja aliuegemeza nguzoni. Wa pili hakuuteremsha. Aliuacha mbali na ubavu, na bega akaliinamisha kidogo.

Nikasema, kwa lile zoea langu baya, "Hapohapo baba, tulia, nikupime vizuri."

"Mimi nimeshapimwa," akanijibu. "Wewe piga."

Nikapiga. Nilipotoka kwenye kitambaa kumshukuru, hayupo. Nikaita, nikazunguka nguzo moja moja. Mtumbwini nikamwuliza yule jamaa kama amemwona mtu akipita na kanzu. Akasema hajapita hata mbuzi. Mimi nikaona labda ni mtu wa kisiwani ana njia zake. Yale maneno yake hayakunigutusha hata kidogo. Mjinga mkubwa mimi.

Picha nikaisafisha usiku ule ule, asubuhi nikampelekea shangazi. Akaishika juani, akaisogeza puani kama kawaida yake. Nilingoja matusi. Hayakuja.

"Athumani," akasema.

Nikamwuliza Athumani yupi. Kumbe ni mumewe, aliyefariki mimi bado nanyonya, akazikwa hukohuko Kisiwani. Sura yake sikuijua. Hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Nikamwambia, "Shangazi, hayo macho. Huwezi kumtambua mtu mdogo hivi."

"Nani kakwambia natazama uso? Natazama anavyosimama." Akainuka, mwanamke ambaye wiki nzima alikuwa akiinuliwa kwa kushikwa mkono, akanyoosha kiganja juu hewani, juu ya kichwa chake. "Athumani ni hapa. Mimi namfika begani. Nimepika naye, nimelala naye, nimegombana naye miaka kumi na minane nikimtazama kwa chini, nisimjue kimo?" Kisha akaweka kidole kwenye picha, akapanda nacho taratibu kutoka kichwa cha yule mtu kwenda juu. "Athumani mmoja. Athumani wawili. Ya Rabi, tao bado."

Akakaa. Machozi yanamtiririka, na anacheka. "Sasa nauona. Mwanangu, sasa nauona wote."

Nami nililia, sikufichi. Akaniuliza kama yule mtu alisema neno lolote. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye "mimi nimeshapimwa" ndipo nilipoyaelewa maneno yale. Shangazi yeye aliangua kicheko mpaka majirani wakachungulia.

"Ana haki ya kusema! Kapimwa mara mbili! Aliyempima ni baba yako, mikono inamtetemeka kwa kilio, kamba ikawa fupi. Tumefika makaburini, Athumani haingii. Watu wakachimba upya na jeneza linangoja." Alipomaliza kucheka akairudia picha, akaitazama muda mrefu. "Na mkono huu mbona kauweka hivi?"

Nikasema sijui.

"Mimi najua," akasema, akaufunika kwa kidole gumba. "Ananiachia nafasi."

Aliishi miezi michache baada ya hapo. Macho yalizima kabisa, lakini picha alilala nayo, anaipapasa mpaka karatasi ikafutika, ikabaki nyeupe. Siku ya msiba wake wachimbaji walituma mtu kuja kuchukua kipimo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Anamfika mumewe begani." Yule mzee aliyetumwa alimjua Athumani. Aliniangalia, akafuta macho, kisha akapeleka kamba ndani kwa wanawake, na kamba ilipotoka ilikuwa vilevile nilivyosema.

Tangu siku hizo sipigi picha saa sita ya mchana, na lile neno la kipimo sijalitamka tena kazini. Na wewe nakuonya: ukimtaka mtu asimame, mwambie asimame, usimwambie unampima. Akija usiyemwita, akajipanga mwenyewe mahali panapofaa, mwulize jina lake kabla hujapiga. Mimi sikumwuliza, na kuna mengi ningemwambia.

Kile kioo kilichoshika picha ile bado ninacho. Kiko sandukuni, nimekifunga kwenye kitambaa cheusi, na sijakifungua tangu tumzike shangazi. Mnaoingia chumbani kwangu msikiguse. Msidhani naogopa kumkuta pale chini ya bega la mumewe. Ninachoogopa ni kufungua nikakuta nafasi bado iko wazi.